Kabla Magharibi Haijaingia

Birika lilikuwa la umeme, la plastiki, na Mama alilitia maji akaliteleka juu ya jiko kama birika la bati. Ilikuwa saa kumi alfajiri, mwezi wa Januari, theluji nje imefika magotini. Mimi nilikuwa kazini zamu ya usiku. Baba watoto na watoto wetu wawili walikuwa wamelala, kila mmoja chumbani kwake, mpaka kengele ya moshi ilipowatoa vitandani. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuganda jiko zima, moshi mweusi umeshuka hadi kwenye ngazi, na majirani wa juu walikuwa wameshaita zimamoto.

Wanaume wanne waliingia na makoti mazito. Mama aliwapokea mlangoni, leso moja kiunoni na nyingine kichwani. "Karibuni, karibuni. Chai bado, lakini mahamri yapo." Mahamri hayakuwapo. Kulikuwa na unga wa ngano uliomwagwa ndani ya sinki, na hamira nusu pakiti juu yake. Binti yangu, mwenye miaka 17, ndiye aliyetafsiri. Aliniambia baadaye kwamba mkubwa wao alivua ile kofia yake ngumu, akasema bibi aambiwe kwamba wameshukuru, watakuja kunywa siku nyingine. Kisha akamvuta baba watoto pembeni, akamwambia huyu mama asiachwe peke yake.

Hakuwa ameachwa peke yake. Nyumba ilikuwa na watu wanne. Hilo ndilo lililonikaa moyoni nilipofika saa moja asubuhi, nikakuta madirisha yote wazi kwenye baridi ile na Mama amejikunja kitini, anauliza ni nani aliyeunguza chakula.

Mama alikuja Lowell, jimbo la Massachusetts, mwaka 2008, binti yangu akiwa na miezi sita. Hakuja kutembea. Alikuja kulea, ili mimi nipate kusoma na kufanya kazi. Alimkogesha mtoto, akamkanda kwa mafuta ya nazi, akambeba mgongoni kwa leso barabarani watu wakageuka kutazama. Alipozaliwa mdogo wake akafanya vivyo hivyo. Kiingereza alikiokota kwa majirani na kwenye televisheni, na kilimtosha kununua samaki, kugombana na karani wa posta, hata kufanyia mahojiano ya uraia.

Kisha kile Kiingereza kikaanza kupukutika. Ndivyo ugonjwa huu wa kusahau unavyowafanyia wengi, lugha iliyoingia mwisho hutangulia kutoka. Mama akabaki na Kimvita chake cha Kibokoni, na siku nyingine hata mimi nilikuwa mgeni kwake. "U mwana wa nani wewe?" huniuliza, kwa adabu, kama anayemuuliza binti wa jirani aliyetumwa chumvi.

Daktari alimfanyia kipimo ambacho wenye wazazi wazee watakuwa wamekiona. Unatajiwa maneno matatu uyashike, halafu unachora uso wa saa na kuweka mishale, kisha unaulizwa yale maneno. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Saa iliyotakiwa ilikuwa saa tano na dakika kumi, lakini yeye akatafsiri tarakimu kama zilivyo: "Saa kumi na moja na dakika kumi." Mama akauweka mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Mswahili yeyote mwenye akili timamu angeuweka hapo hapo, saa kumi na moja ya jioni, alasiri imepita na magharibi inakaribia. Daktari akaandika amekosa. Nikabisha, nikaeleza jinsi sisi tunavyohesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na kwa heshima yake alinisikiliza, akafuta, akampa Mama alama yake. Furaha yangu haikufika dakika mbili. Akamuuliza yale maneno matatu. Mama akamtazama usoni, akasema, "Maneno gani, mwanangu?"

Kazi yangu ni kutunza wazee. Wakenya tupo wengi Lowell, na wengi wetu tuko kwenye kazi hii. Usiku nawageuza mama za watu vitandani wasipate vidonda, nawabadilisha, nawashika mkono wakimlilia mume aliyekufa zamani. Asubuhi narudi nyumbani kulala, na kwa saa zote hizo wangu anakaa sebuleni na televisheni. Nilikuwa nalipwa kumtazama mama wa mwenzangu, na wangu hana wa kumtazama. Naliandika lilivyo, maana najua tuko wengi huku tunaoishi nalo na hatulisemi.

Baada ya siku ya birika nikaliweka shauri kwenye kundi la familia la simu: kuna vituo ambako wazee hushinda mchana, huchukuliwa kwa gari asubuhi, hulishwa, hupewa dawa zao, hurudishwa jioni. Kaka yangu, aliye Mombasa, hakungoja nimalize. "Deikea? Mama yangu apelekwe deikea kama mtoto wa miaka miwili?" Mama mdogo akaandika kwamba wazazi huwekwa ndani ya nyumba, hawaazimishwi. Kaka akasema nimrudishe. Nikamuuliza atakaa na nani mchana, maana yeye ana vyumba viwili Kisauni, mke wake ni mwalimu, na nyumba yetu ya Mji wa Kale ina ngazi zile nyembamba ambazo hata sisi wazima tunazishuka tukishika ukuta. Alikaa kimya karibu saa nzima. Kisha likaja neno moja: "Mnamtupa."

Neno hilo nililibeba hadi ofisini kwa mhudumu wa ustawi wa jamii, na nikalia mbele yake. Yeye akanisimulia habari za On Lok, kule San Francisco, mtaa wa Wachina, miaka ya mwanzo ya 1970. Familia za Kichina, za Kifilipino na za Kiitaliano hazikutaka wazee wao waende kulala kwenye nyumba za wazee za Wamarekani, mbali na chakula chao na lugha yao, wala hazikuweza kuacha kazi. Mwaka 1973 kikafunguliwa kituo cha mchana, na mpango ulioanzia pale ukaja kuigwa katika majimbo mengi ya Marekani. Jina lenyewe, kwa Kikantoni, ni makao ya amani na furaha. Sikumtumia Kaka habari hiyo. Alikuwa na hasira ya mtoto aliye mbali, na hasira hiyo haisomi historia.

Malipo nayo ni msitu. Medicare, bima ya wazee ya serikali kuu, kwa kawaida hailipii kushinda kituoni. Inayolipa ni ile ya wenye kipato kidogo, ambayo Massachusetts inaitwa MassHealth, na hiyo nayo inataka daktari aandike na muuguzi apime. Muuguzi alikuja nyumbani na fomu yake. Anaoga mwenyewe? Anavaa? Anakula? Anafika msalani kwa wakati? Nilimtafsiria Mama, na kila swali alijibu ndiyo, tena kwa kushangaa. "Mimi naoga mwenyewe tangu utotoni." Ilibidi nimkanushe mbele yake. Nikasema kwa Kiingereza, hapana, hawezi, namwosha mimi, nikidhani haelewi. Mama akainamisha kichwa, akaanza kuukunja na kuukunjua upindo wa leso. Maneno hakuyajua lakini sauti yangu aliijua.

Kituo cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko nyumba yangu. Hodhi la samaki wa rangi, piano, sakafu inang'aa, ratiba ya wiki nzima ukutani kwa herufi kubwa. Nilikikagua kwa macho ya kazi yangu: milango ya kutokea wakati wa moto, idadi ya wahudumu kwa wazee, muuguzi yupo kutwa au anapita tu, mlango mkuu unafunguka kwa namba ili wanaotangatanga wasitoke. Kila kitu kilipita. Mama akaenda wiki tatu.

Walikuwa watu wema, na wema wao ulikuwa wa kuuliza maswali. Unataka chai au kahawa? Unataka kukaa hapa au pale? Unapenda muziki gani? Mama hakuelewa, akawa anajibu "yes, yes" kwa kila kitu, nao wakaongeza sauti. Alikunywa kahawa asiyoipenda wiki tatu. Mchana walikuwa wakirushiana puto wakiwa wamekaa viti vya mduara, na Mama, ambaye hajacheza mbele ya wanaume asiowajua tangu avunje ungo, aliuficha uso kwa mtandio mpaka puto lipite.

Lililotuumiza zaidi ni la msalani. Mhudumu wa zamu ya asubuhi alikuwa kijana wa kiume, mpole, na alipokwenda kumsaidia Mama asimame, Mama alikataa. Alipopelekwa na mwanamke, alikuta karatasi tu, maji hakuna. Basi akaamua kuzuia. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri haendi haja, na ili asibanwe akaacha na kunywa. Mwisho wa wiki ya tatu alianza kuzungumza na watu waliokwisha kufa, joto likapanda, na hospitali wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Alilala siku tatu. Kituo kingemwekea kopo la maji na mhudumu wa kike laiti ningesema. Sikusema. Mimi ninayewasafisha wazee wa watu kila usiku niliona haya kumwambia mgeni kwamba mama yangu anatawadha.

Kituo cha pili sitakaa nacho sana. Kilikuwa mbali, gari lilizunguka mji kukusanya watu, na Mama alikuwa akikaa humo karibu saa moja na nusu kwenda na kiasi hicho kurudi. Ila lililotokea huko ndilo lililotuleta tulipo.

Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu za mbao, za aina iliyojaa miji hii ya viwanda, na sisi tuko ya pili. Kanuni ya kituo ilikuwa mzee haachwi mpaka mtu wa nyumbani ampokee kwa mkono. Alasiri moja ya Machi gari lilikuja mapema, na dereva alikuwa mgeni wa njia. Akakuta mlango wa chini uko wazi, akamwingiza Mama ukumbini, akaondoka. Mimi nilikuwa juu nimelala. Nilipoamka saa tisa na nusu nikapiga simu kituoni kuuliza mbona wamechelewa. Wakanijibu ameshushwa saa nane.

Nilishuka ngazi miguu mitupu. Kwenye kidato cha chini kabisa palikuwa na koti lake, limekunjwa vizuri, na juu yake viatu vyake vya baridi, jozi, vimeelekezwa mlangoni kama vya mtu aliyeingia msikitini.

Lowell ni mji wa mifereji. Waliojenga viwanda vya nguo katika karne ya 19 waliuchepusha mto Merrimack kuzungusha mitambo, na mpaka leo kuna karibu kilomita 9 za mifereji katikati ya majengo, maji meusi, kuta za mawe wima. Niliwaza maji tu. Polisi walitaka picha, wakataka kujua amevaa nini. Baba watoto akatoka na gari. Niliandika kwenye kundi la Wakenya wa hapa, na kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu watu walikuwa njiani: waliotoka zamu, waliokuwa wakijiandaa kwenda zamu, mchungaji mmoja, na mama mmoja mja mzito ambaye alisimama kwenye daraja la mfereji saa nzima akiuliza kila mpita njia. Wengi wao si wa pwani, si wa dini yetu. Sitawasahau.

Wakati huo jua lilikuwa linashuka, na mimi nilijua maana yake. Kila siku ikifika jioni Mama hubadilika. Huenda dirishani, huenda mlangoni, hutafuta ufunguo, husema, "Nataka kwenda kwetu, watoto wako nje." Madaktari wanalijua hilo, huwapata wengi wenye ugonjwa huu jua likielekea kuzama. Lakini mimi nimekulia Kibokoni. Magharibi ndipo kila mama husimama barazani akaita wanawe mmoja mmoja kwa jina waingie ndani kabla giza halijawakuta nje. Mama alikuwa ametoka kutuita.

Simu ya polisi ililia saa kumi na moja na robo. Wamempata ndani ya duka la Wakambodia, mitaa sita kutoka kwetu.

Duka hilo Waswahili wa hapa tunalijua sote. Ndiko tunakopata mihogo, ukwaju, nazi, mchaichai, majani ya ndizi, na kwa miaka mingi Mama ndiye aliyekuwa akienda. Alikuwa ameketi nyuma ya meza ya mauzo juu ya gunia la mchele, miguu imefungwa taulo, mabegani kitambaa cha pamba cha mirabaraba myekundu na myeupe. Pembeni yake bibi mmoja mfupi, nywele zimenyolewa karibu na ngozi, alikuwa ameushika mkono wake na kuupigapiga taratibu. Hawakuwa wakizungumza. Mama aliponiona akasema, "Mbona umechelewa? Nimekuja Marikiti tangu mchana, mpaka huyu shoga yangu amenipa kiti."

Yule bibi alikuwa mama wa mwenye duka. Binti yake, wa rika langu, alinieleza kwamba hata mama yake ana ugonjwa huo huo, hushinda kituo cha wazee jirani na hapo na hurudi dukani alasiri. Akanipa namba.

Wakambodia walifika Lowell kwa wingi miaka ya 1980, wakitokea kambi za wakimbizi za Thailand baada ya Khmer Rouge, waliotawala nchi yao kuanzia 1975 hadi 1979 na kusababisha vifo vya zaidi ya watu milioni moja na nusu kwa mauaji, njaa na maradhi. Wazee wanaoshinda kituo kile ndio waliotembea kwa miguu kutoka huko na watoto migongoni. Wengi hawakupata kukijua Kiingereza, na waliokijua nao kimewatoka kama kilivyomtoka Mama. Kwa hiyo pale hakuna anayemtarajia mzee ajibu kwa Kiingereza. Hilo sikuliona siku ya kwanza. Siku ya kwanza niliona chumba cha kawaida, viti visivyofanana, madirisha yanayohitaji kupakwa rangi, na harufu ya wali.

Safari hii nilisema yote. Nilimwambia muuguzi mkuu, ambaye mwenyewe aliletwa nchi hii akiwa mtoto wa mkimbizi: wahudumu wa kike tu msalani, na kopo la maji. Akaandika, akasema hata mama yake mzazi hataki karatasi. Nikasema hatuli nguruwe. Hapo akanyamaza kidogo, maana jikoni kwao nguruwe yupo karibu kila siku. Kaka alipolisikia alipiga simu usiku wa manane wa kwao. Tulizungumza muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila kutupiana maneno, na tukakubaliana: chakula chake kitoke nyumbani, kwenye vyombo vyake, na kijiko chake, kituoni ale matunda na kitu kisichokutana na sufuria ile. Kona ya kuswalia walimpa, upande wa dirisha, na mwanangu wa kiume ndiye aliyekwenda kuwaonyesha kibla kwa simu yake. Na gari: haachwi mpaka akabidhiwe mkononi. Niliwafanya waandike, nikasoma walichoandika.

Siku ile ya kwanza nilibaki nyuma ya mlango wa kioo. Mama alikaa pale alipokalishwa, mkoba mapajani, kama anayengoja kuitwa hospitali. Yule bibi wa dukani alimwona. Akavuta kiti chake, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia. Alikuwa na rundo la vile vitambaa vyao vya mirabaraba, vinaitwa krama, ambavyo wao hufungia kichwa, hubebea mtoto, huogea, hufutia jasho, kazi zote zile ambazo sisi tunaiachia leso. Ncha zake zilikuwa nyuzi wazi, hazijasokotwa.

Watu wa Mombasa wanajua ninakokwenda. Baba alipofariki, mimi nikiwa na miaka minne na Kaka akiwa shule ya upili, Mama alitulea kwa kusokota matamvua ya vikoi. Vililetwa mafungu mafungu kutoka dukani, ncha wazi, na yeye huketi barazani anasokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja, anafunga fundo, anahamia nyingine, hadi usiku. Nimelala utoto wangu wote nikisikia kiganja kile kikipita kwenye nguo.

Aliitazama ile krama. Akaigusa ncha. Akalowanisha vidole kwa ulimi, akagawa nyuzi mafungu mawili, akazisokota juu ya paja, akafunga fundo, akalivuta kulijaribu. Kisha akachukua lililofungwa na mwenzake, akalichunguza, akalifungua lote, akamwonyesha linavyofungwa. Yule bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikwenda kukaa kwenye gari mpaka niweze kuendesha.

Nilikumbuka huko kwenye gari kwamba bibi yake Mama, nguo itoke popote, alikuwa akiiita pamba nyeupe merikani, na foronya zake zote zilikuwa za merikani. Katika karne ya 19 meli za Salem, bandari isiyo mbali na hapa, zilipeleka Zanzibar nguo zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na neno likatoka huko. Viwanda vya Lowell sasa ni makumbusho na nyumba za kupanga, na mama yangu amefika hapa kusokota nyuzi.

Yapo yasiyokwenda. Siku nyingine hataki kupanda gari, na siku moja alimpiga mhudumu kofi. Kuna mzee pale ambaye akisikia mlango ukibamizwa hujificha chini ya meza, na Mama akimwona hulia naye. Desemba ndiyo ngumu kuliko yote. Kwetu Mombasa magharibi haisogei sana mwaka mzima, lakini hapa Desemba jua linazama saa kumi na dakika chache, na Mama, ambaye mwili wake bado unajua magharibi ni ya saa kumi na mbili na kitu, anaona giza limeingia alasiri na hakuna mtoto aliyeitwa. Niliwaomba wabadilishe njia ya gari awe wa kwanza kushushwa. Dereva alikubali, ingawa kunamzungusha. Tangu hapo saa tisa kasorobo mwanangu husimama mlangoni kumpokea, taa zote za nyumba zimewashwa, na akiingia tu humtajia: mimi nipo, dada yupo, Mama yupo, Baba yuko njiani. Tukikosa kumtajia, hakai.

Ndizi za kituoni anakula, zile mbivu wanazopika kwa tui kwenye sufuria mbali. "Wamesahau iliki," ananiambia kila mara. Nikampa muuguzi kifuko cha iliki. Siku moja Mama aliniuliza watu wale ni wa wapi. Nikamwambia Kambodia. Akafikiri. "Ni baada ya Lamu, au kabla?"

Kisha akaanza kulalamika kwamba hajalipwa. Kwake yeye anakwenda kazini, na mwezi umeisha mara ngapi. Nilisita, maana sipendi kumdanganya mama yangu. Binti yangu akasema, "Lakini Mama, si kweli anafanya kazi?" Sasa kila Ijumaa muuguzi humpa bahasha yenye noti ya dola 5 ninayoipeleka mimi Alhamisi, na Mama huiweka kifuani ndani ya pindo la leso.

Ijumaa ya kwanza alinikabidhi hiyo noti jioni, nyuzi nyekundu bado zimemganda kwenye nguo. "Mpelekee kakako. Karo. Wasije wakamfukuza kabla ya mtihani."

Kaka ana miaka 57. Nilimtumia zile pesa kwa simu, kama zilivyo, na chini nikaandika: Mama amekutumia karo. Hakujibu siku ile wala ya pili. Ya tatu ikaja sauti yake, fupi, na nyuma yake adhana ya Kisauni. Nikamwekea Mama simu sikioni.

"Mwambieni Mama nimefaulu. Divisheni ya pili."

Mama alisikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Ya pili?" akasema. "Na ya kwanza ilikuwa na nini?"